Homa Baada ya Kujifungua: Tuilinde Nyumba ya Mtoto

Ikiwa unatusikiliza kwenye redio, sogea karibu. Ikiwa unasoma kijitabu hiki, tafadhali msomee na jirani yako asiyeweza kusoma, kwa maana mada ya leo inagusa kila boma lenye mwanamke wa umri wa kuzaa.

Leo tunazungumza kuhusu maambukizi ya mfuko wa uzazi, yaani ile sehemu ambayo wengi wetu huiita nyumba ya mtoto. Tutaona jinsi viini vinavyoingia humo, dalili zake, na jinsi ugonjwa huu ukipuuzwa unavyoweza kumfanya mama asipate mtoto mwingine. Tutaona pia mambo ambayo wewe na wale wanaokutunza mnaweza kufanya, mengi yakiwa hayahitaji pesa nyingi.

Wanawake wengi huambiwa ni tasa, hurudishwa kwao, au huzungushwa kwa waganga mwaka baada ya mwaka, ilhali shida ilianza na homa ya siku chache ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Kwa hivyo tusione haya kuyataja mambo haya kwa majina yake.

NYUMBA YA MTOTO IKOJE?

Mfuko wa uzazi uko chini ya kitovu, ndani kabisa ya nyonga. Mwanamke asipokuwa na mimba, huwa mdogo kama ngumi ya mkono. Chini una mlango mwembamba unaoitwa shingo ya kizazi. Juu, upande wa kulia na wa kushoto, kuna mirija miwili myembamba. Mirija hii ndiyo barabara ya yai la mama. Yai hutoka kwenye kifuko cha mayai, huingia kwenye mrija, na humo ndimo linapokutana na mbegu ya mume. Ndani ya mrija kuna vinyweleo vidogo sana vinavyolisukuma yai polepole hadi kwenye mfuko wa uzazi, ambapo mimba hushika na kukua.

Siku za kawaida, shingo ya kizazi hufanya kazi ya mlinzi wa lango. Ina ute mzito unaozuia viini kupanda juu. Lakini kuna wakati lango hilo huwa wazi. Wakati wa kujifungua liko wazi kabisa. Mimba inapoharibika liko wazi pia.

Mama anapojifungua, mfuko wa uzazi huwa na uzito wa karibu kilo 1. Mahali kondo la nyuma lilipokuwa limeshika hubaki kidonda kibichi chenye upana wa kiganja cha mkono. Kidonda hiki huchukua majuma kadhaa kupona. Kufikia juma la sita, mfuko umerudi kuwa mdogo tena, chini ya gramu 100. Hebu fikiria, mama: ungekuwa na kidonda cha ukubwa huo mguuni, ungekikanyagia kwenye matope? Basi kidonda kilicho ndani kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hukioni.

VIINI HUINGIA VIPI?

Kuna njia kadhaa. Tuziangalie moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni mikono na vifaa vichafu. Anayekuzalisha asiponawa vizuri kwa sabuni na maji na kuvaa glavu safi, viini huingia pamoja na vidole vyake.

Ya pili ni uchungu wa muda mrefu. Chupa ikishapasuka, lango liko wazi. Zikipita saa 18 bila mtoto kuzaliwa, hatari huzidi kupanda. Kupimwa njia mara nyingi kupita kiasi huongeza hatari pia.

Ya tatu ni kondo la nyuma, au vipande vyake, kubaki ndani. Kipande kidogo tu kikibaki huoza, na viini hupata chakula.

Ya nne ni upasuaji. Mama anayejifungua kwa kupasuliwa yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko anayejifungua kwa njia ya kawaida. Ndiyo maana hupewa sindano ya dawa ya kuua viini kabla ya kupasuliwa.

Ya tano ni mimba kuharibika, hasa ikitolewa mahali pasipo salama kwa vijiti, waya, au dawa za kienyeji zinazoingizwa ukeni.

Ya sita haihusiani na kujifungua. Ni magonjwa ya zinaa, hasa kisonono na klamidia. Viini vyake vinaweza kupanda kutoka kwenye shingo ya kizazi hadi mfukoni na kwenye mirija. Klamidia ni adui mjanja, kwa maana wanawake wengi walio nayo hawasikii lolote. Hakuna maumivu wala usaha, na huku ndani mirija inaharibika.

WAFUGAJI, HILI MNALIJUA

Nikienda kwenye mikutano ya akina mama wanaofuga, huwa nawauliza: ng'ombe akizaa na kondo lisitoke, mnafanya nini? Wote hujibu kwa sauti moja kwamba huitwa daktari wa mifugo. Wanajua kuwa ng'ombe huyo akiachwa, atatoa uchafu wenye harufu, na mara nyingi atachelewa kushika mimba tena.

Ng'ombe huweza kungojewa saa 12 hadi 24. Kwa farasi jike na punda jike hali ni tofauti. Kondo likikaa zaidi ya saa 3, hiyo ni dharura, kwa sababu mfuko wao hushambuliwa na viini haraka na mnyama anaweza kufa. Wanaofuga farasi wa kuzalisha hulipa daktari apime viini katika mfuko wa uzazi kabla ya kumpeleka jike kwa dume, kwa sababu wanajua kwamba mfuko wenye uvimbe na usaha haushiki mimba, na ukishika, mimba huweza kuharibika.

Je, mama wa binadamu husubiriwa muda gani? Ni nusu saa tu. Mtoto akishazaliwa, kondo lisipotoka ndani ya dakika 30, msaada wa haraka unahitajika. Basi inakuwaje, ndugu yangu, tumwitie punda daktari baada ya saa 3, na mama wa watoto wetu tumngoje hadi kesho yake?

Neno moja zaidi kwa wafugaji. Usishike kondo la nyuma au ndama aliyezaliwa kabla ya wakati kwa mikono mitupu, hasa ukiwa mjamzito. Kuna ugonjwa wa brusela unaotoka kwa mifugo hadi kwa watu, na unaweza kusababisha mimba kuharibika. Vaa glavu, na uchemshe maziwa kabla ya kunywa.

DALILI ZA HATARI

Ni kawaida mama aliyejifungua kutokwa na damu. Siku za kwanza huwa nyekundu, kisha hugeuka kuwa hudhurungi, halafu hupauka na kuwa nyeupe au manjano hafifu. Kwa wengi huisha kati ya juma la nne na la sita. Harufu yake ni kama ya damu ya mwezi. Tumbo huuma kidogo, hasa mtoto anaponyonya, kwa sababu mfuko unajikaza kurudi mahali pake. Hayo yote yasikutie hofu.

Lakini ukiona lolote kati ya haya, nenda hospitali siku hiyo hiyo:

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au mwili kuwa moto na kutetemeka kwa baridi.
- Maumivu chini ya kitovu yanayozidi badala ya kupungua.
- Uchafu wenye harufu mbaya, au usaha, kutoka ukeni.
- Damu inayoloweka pedi au kitambaa kizima kwa saa moja, au damu iliyokuwa imepungua kisha ikaanza tena kwa wingi.
- Moyo kwenda mbio, kupumua kwa haraka, kizunguzungu, au mama kuanza kuzungumza mambo yasiyoeleweka.
- Kidonda cha upasuaji kuvimba, kuwa chekundu au kutoa maji.

Dalili za tano ndizo mbaya kabisa. Zina maana kuwa viini vimeingia kwenye damu. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Tafuta gari, bodaboda, machela, chochote kilicho karibu.

Sasa sikiliza vizuri, wewe unayemtunza mama. Katika sehemu zetu zenye mbu, mama akipata homa siku ya tatu baada ya kuzaa, wengi husema, "Ni malaria hiyo." Hununuliwa tembe dukani, na siku zinapita. Inaweza kuwa malaria kweli. Inaweza kuwa maziwa yamejaa na kugumu kwenye matiti. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Na inaweza kuwa mfuko wa uzazi. Huwezi kujua kwa kumgusa paji la uso. Lazima apimwe.

Katika eneo moja nilikofanya kazi kulikuwa na mama kijana aliyejifungulia nyumbani mtoto wake wa kwanza. Siku ya nne alipata homa. Alipewa tembe za malaria zilizokuwa zimebaki ndani ya nyumba, na dawa ya kupunguza maumivu. Homa ilishuka ikapanda, ikashuka ikapanda. Alifika kwetu siku ya tisa akiwa amebebwa. Alitibiwa akapona, na mtoto wake yuko shuleni sasa. Lakini miaka minne baadaye alikuja kliniki akilia kwamba mimba ya pili imekataa, na watu wa nyumbani kwa mume wamemwambia amefungwa na mtu. Alipopigwa picha, mirija yote miwili ilikuwa imeziba. Hakuwa amerogwa.

KWA NINI MIMBA HUKATAA?

Viini vinapoingia kwenye mfuko wa uzazi, mwili hupigana navyo. Sehemu hiyo huvimba na kutoa usaha. Vita vikiisha mapema kwa msaada wa dawa, mfuko hupona vizuri na mama huzaa tena. Wengi hupona hivyo, na ningependa mama uliyewahi kuugua usikate tamaa.

Lakini vita vikichukua muda mrefu, viini hupanda hadi kwenye mirija. Mirija ni myembamba sana, na vile vinyweleo vya ndani ni laini. Vikiungua kwa uvimbe, havirudi upesi. Mwili huponya kwa kuweka kovu, kama unavyoona kovu la moto kwenye ngozi. Kovu likiziba mrija wote, yai na mbegu ya mume havikutani. Kovu likiziba nusu, mbegu inaweza kupita lakini yai lililorutubishwa, ambalo ni kubwa zaidi, hukwama njiani. Hapo mimba hukua ndani ya mrija, nje ya mfuko wa uzazi. Mrija hupasuka na mama hutokwa na damu ndani ya tumbo. Mwanamke yeyote aliyekosa hedhi kisha akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kutokwa na damu kidogo, kizunguzungu au maumivu ya bega, akimbizwe hospitali mara moja.

Wakati mwingine kovu huwa ndani ya mfuko wenyewe, kuta zikashikana. Mimba hukosa mahali pa kushika.

Katika mji wa Lund nchini Sweden, madaktari waliwafuatilia wanawake waliougua maambukizi ya mirija kati ya 1960 na 1984. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha hivi: kati ya wanawake 100 waliougua mara moja, karibu 8 walishindwa kupata mimba kwa sababu ya mirija. Waliougua mara mbili, karibu 20 kati ya 100. Waliougua mara tatu au zaidi, 40 kati ya 100. Unaona jinsi kila mara inavyoongeza mzigo? Taarifa nyingine kutokana na wanawake hao hao, iliyotolewa mwaka 1993, ilionyesha kwamba waliochelewa siku 3 au zaidi kabla ya kutafuta matibabu walikuwa katika hatari karibu mara tatu ya kukosa mtoto au kupata mimba nje ya mfuko wa uzazi, wakilinganishwa na waliotibiwa mapema. Siku tatu tu, mama.

Na kwetu Afrika? Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi nyingi na kutangazwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba katika Afrika, kusini mwa Sahara, maambukizi ndiyo yaliyokuwa yakiongoza katika kuwanyima wanawake watoto, kuliko katika sehemu nyingine za dunia. Habari hiyo inasikitisha, lakini ina jambo jema ndani yake. Ugonjwa unaoletwa na viini unaweza kuzuiwa.

SOMO LA MIKONO SAFI

Mwaka 1847, katika hospitali kubwa ya mji wa Vienna nchini Austria, alikuwako daktari kijana aliyeitwa Ignaz Semmelweis. Wodi moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Akina mama katika wodi ya madaktari walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi zaidi, hata wajawazito waliomba kwa machozi wasipelekwe huko. Semmelweis aligundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo, akina mama 18 kati ya 100 walikuwa wamekufa katika wodi hiyo. Mwezi wa Juni, baada ya kuanza kunawa, walikufa 2 tu kati ya 100.

Wakati huo hakuna aliyejua viini ni nini, na bado kunawa mikono kuliokoa maisha. Leo tunajua. Hatuna kisingizio.

TUFANYE NINI?

Kabla ya kujifungua: Anza kliniki mapema, mara unapojua una mimba. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonane na mhudumu mara 8 katika mimba moja. Huko utapimwa damu, kaswende, virusi vya Ukimwi na mkojo, na utapewa dawa za kuongeza damu. Mama asiye na damu ya kutosha hushindwa upesi na viini. Ukitokwa na uchafu usio wa kawaida, sema. Muuguzi hatakucheka.

Wakati wa kujifungua: Zaa hospitalini au katika kituo cha afya. Weka akiba ya nauli na upange mapema nani atabaki na watoto. Chupa ikipasuka, ondoka hata kama uchungu haujaanza. Una haki ya kumwomba mhudumu anawe mikono na avae glavu mpya. Waulize, "Kondo limetoka lote?" Ni swali zuri, wala si utovu wa adabu. Tangu mwezi wa Oktoba 2024, bima ya NHIF tuliyoizoea iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Hakikisha wewe na familia yako mmejiandikisha kabla ya miezi kutimia, usije ukahangaika na karatasi ukiwa na uchungu.

Kuna habari nyingine njema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika nchi saba ikiwemo Kenya yetu, ulihusisha zaidi ya wanawake 29,000 waliokuwa katika uchungu wa kuzaa kwa njia ya kawaida. Nusu yao walipewa dozi moja ya dawa ya kuua viini iitwayo azithromycin. Waliopata viini kwenye damu au kufariki walikuwa 1.6 kati ya 100, na kwa wale ambao hawakupewa walikuwa 2.4 kati ya 100. Dawa hii hutolewa na mhudumu wa afya peke yake. Usiinunue dukani ukajimezea.

Baada ya kujifungua: Rudi kliniki hata kama unajisikia mzima. Uonwe ndani ya saa 48, tena katika juma la kwanza au la pili, na tena juma la sita. Safari hizo si za mtoto peke yake. Mama wengi humpeleka mtoto chanjo na kurudi nyumbani bila kusema neno kuhusu afya yao. Sema!

Nyumbani, nawa mikono kabla na baada ya kubadilisha pedi. Ukitumia vitambaa, vifue kwa sabuni na uvianike juani hadi vikauke kabisa, si chini ya godoro. Oga kila siku. Osha sehemu za nje tu kwa maji safi.

Ninawasihi nyanya na mama wakwe, kwa heshima yote. Mnatusaidia sana. Uji mnaompikia mama, maji mnayomtekea, na mtoto mnayembeba usiku ili mama alale, hiyo ni dawa. Lakini tafadhali, tusimwingizie mama chochote ukeni, iwe majani, chumvi, siki, tumbaku au kitambaa cha moto. Tusimkande tumbo kwa nguvu akiwa na homa au maumivu. Na tusimfungie ndani siku arobaini zisifike hospitali hata anapougua. Kupumzika ni kuzuri, lakini mwenye homa apelekwe.

Baba, wewe pia una kazi. Nauli inatoka kwako, na uamuzi wa kuondoka usiku mara nyingi unangojwa kutoka kwako. Mwambie mkeo mapema kwamba akiugua na wewe hupatikani, asingoje ruhusa.

MASWALI AMBAYO AKINA MAMA HUNIULIZA

Je, nikitibiwa, nitaendelea kunyonyesha?
Ndiyo. Dawa nyingi zinazotumika kwa maambukizi haya zinaruhusu kunyonyesha. Mwambie mhudumu kwamba unanyonyesha ili akuchagulie inayofaa. Ila maliza dozi yote. Ukiacha siku ya tatu kwa sababu umepata nafuu, viini vilivyobaki hurudi vikiwa na nguvu.

Tunaweza kukutana kimwili lini baada ya kuzaa?
Ngoja hadi damu ikome, vidonda vipone, na wewe mwenyewe uwe tayari. Wengi huanza baada ya kupimwa juma la sita. Mzungumze pia kuhusu kupanga uzazi siku hiyo hiyo.

Je, sindano ya kupanga uzazi au koili huharibu kizazi?
Hapana. Baada ya kuacha sindano, hedhi na mimba zinaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, lakini uwezo wa kuzaa hurudi. Koili nayo hairuhusiwi kuwekwa ukiwa na maambukizi, na ndiyo maana tunakupima kwanza. Mara nyingi lawama inayotupiwa njia za kupanga uzazi ni ya ugonjwa wa zinaa ambao haukutibiwa.

Nilitibiwa ugonjwa wa zinaa, ukarudi. Kwa nini?
Mara nyingi ni kwa sababu mwenzako hakutibiwa. Tibiwa wawili kwa wakati mmoja, na mtumie kondomu hadi dawa iishe na mhudumu aseme mmepona.

Nimejaribu kupata mtoto na sijafaulu. Nifanye nini?
Ikiwa mmekutana mara kwa mara kwa mwaka mmoja bila kinga na mimba haijashika, nendeni hospitali. Ikiwa una miaka 35 au zaidi, usingoje zaidi ya miezi sita. Narudia, nendeni nyote wawili. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mume anachangia tatizo, peke yake au pamoja na mke. Kupima mbegu za mume ni rahisi kuliko kupima mirija ya mke, kwa hivyo mume asikae nyumbani. Mke huweza kupigwa picha ya mirija kwa kutumia dawa maalumu inayoonekana kwenye eksirei. Ada ya mganga ya miaka mitatu ingeweza kulipia vipimo hivyo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Kondo la nyuma lisipotoka kwa dakika 30, tafuta msaada.
- Homa baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika ipimwe siku hiyo hiyo.
- Uchafu wenye harufu mbaya si wa kawaida.
- Usiingize kitu chochote ukeni.
- Maliza dozi, na mwenzako atibiwe.
- Kukosa mtoto ni jambo la watu wawili, na linapimwa.

Tafadhali, leo kabla hujalala, mfikirie mwanamke mmoja wa karibu aliyejifungua mwezi huu. Kesho mpitie. Usimwulize habari za mtoto peke yake. Mwulize, "Na wewe mwenyewe, mwili unaendeleaje? Una homa? Tumbo linauma?" Akisema ndiyo, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au mwite mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu.

Hadi mazungumzo yajayo, mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kaeni salama, na mnawe mikono.